Fundi cherehani nilivyokuwa natanua sketi ya binti yangu wa chekechea, mpaka nilipotumwa semina ya wazazi

Wakuu, salaam kutoka Lushoto, nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kuandika.

Hii siyo chai. Mke wangu yumo humu kwa ID nisiyoijua, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi naogopa.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ni varanda ya nyumbani. Safari ninayoipenda ni ya kutoka kitandani hadi kwenye cherehani.

Mke wangu ndiye mtu wa barabara. Anashusha mapeasi na plamsi kwenda kuuza Mombo, anarudi jioni. Binti yetu Zawadi akitoka chekechea anashinda na mimi.

Sasa fundi mwenye oda za watu na mtoto mwenye maswali hawaendi pamoja. Dawa nikaipata: katuni kwenye simu, biskuti na juisi ya boksi. Mtoto anatulia kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Hapa mnicheke kidogo. Mama mtu anapeleka matunda yetu Mombo, halafu namwagiza arudi na juisi yenye picha ya matunda.

Zawadi akanawiri. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye uwanja mmoja, ndiye alikuwa shabiki namba moja. Kila mgeni anaonyeshwa mashavu.

Sketi ya shule ikibana, nafumua kiuno, natanua. Ikibana tena, natanua tena. Nilikuwa najisifu kwamba sinunui sare.

Kilima cha chekechea kikamshinda, anakaa katikati ya njia anahema. Nikamtafutia boda. Wenzake wanapanda wakikimbizana, yeye anapita kama mheshimiwa.

Asubuhi moja akagoma kwenda.

"Kwa nini, mama?"

"Wakicheza kukimbizana mimi naambiwa nishike masweta."

Wakuu, nilicheka. Halafu kicheko kikakwama.

Wiki hiyohiyo chekechea, ambayo ni ya kanisa, ikatangaza semina ya wazazi kuhusu lishe ya watoto wadogo. Mke wangu akaniambia, "Nenda wewe, mlezi wa varanda."

Mwanaume nilikuwa peke yangu. Kina mama wakaanza: "Baba Zawadi, umekuja kutupima magauni?"

Nesi aliyealikwa akaeleza kuhusu sukari ya kwenye vinywaji, simu, na watoto kukaa mchana kutwa. Mimi nikanyoosha mkono kujitetea. Nikasema wangu anakua vizuri, mimi fundi, kiuno cha sketi nimeshakitanua mara kibao.

Nesi akaniangalia. "Na pindo umelishusha lini, baba?"

Nikafikiria. Pindo sijaligusa tangu niishone.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Fundi mzima, nashika futi ya kupimia kila siku, sikuona kwamba mwanangu anaongezeka upana tu.

Nesi hakucheka. Akasema, "Usimnyime chakula. Hatumkondeshi mtoto, tunampa nafasi urefu wake uufikie upana. Punguza soda, juisi na biskuti, muache atembee na acheze."

Kibarua kikabaki kwa mama yangu.

"Shikamoo mama," nikaanza kwa adabu zote. Nikamweleza.

"Yaani mjukuu wangu ana mashavu, nyie roho zinawauma?" Akahamia Kishambaa. Mama akihamia Kishambaa ujue umeshindwa kesi.

Nikaona hapa semina haitasaidia. Nikamwambia habari ya masweta.

Akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu ndiyo amekuwa kamba ya kuanikia nguo? Kesho mwamshe mapema."

Boda tukamuaga. Sasa huku kwetu kutembea maana yake ni kupanda, na mpandaji mwingine ni mimi. Siku za kwanza tulikaa wote katikati ya njia tunahema, wapita njia wanatupa pole.

Mapeasi mengine siku hizi hayashuki Mombo, yanabaki nyumbani. Mama anapika makande, juisi ya boksi imekuwa ya sikukuu. Katuni zipo kidogo. Kilio cha wiki ya kwanza sitakisimulia, majirani wanakijua.

Mchana namfundisha kuokota vifungo na kukimbiza vipande vya kitambaa uwanjani. Oda zinachelewa. Wateja, mnisamehe.

Juzi, miezi kadhaa baada ya semina, Zawadi kanijia, "Baba, sketi fupi." Nikavuta futi. Kiuno kilekile. Nikafumua pindo, mara ya kwanza.

Jana tumefika juu, wenzake wameshaanza kukimbizana getini. Akavua sweta lake, akanirushia.

"Baba, shika."

Akaingia mchezoni. Nikabaki nimesimama na sweta, nahema kama gari bovu, nafurahi peke yangu.

Nilichojifunza: mtoto akitulia kimya siyo lazima awe na afya, na mashavu siyo cheti. Wakiita semina ya wazazi, akina baba twendeni. Tutachekwa, lakini tutarudi na kitu.

Nanyi mnawatulizaje wadogo bila biskuti? Na mabibi mnawawezaje? Andikeni tu, nitasoma zote. Nipo nyumbani, kwani nitaenda wapi.