Bati la Mwisho Lilipoteremshwa, Shemeji Alitaka Kutundika Koti

Msimamizi, pamoja na wasomaji wa ukurasa huu, niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Mara ya mwisho niliwaandikia kwamba nimeanza kuikarabati nyumba yetu ya zamani, nanyi mkanipongeza sana. Wengine mliomba picha. Sikuzituma kwa sababu hakuna cha kupigwa picha. Naomba tena jina langu lisitajwe.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili Migori kwa muda mrefu, kisha nikarudi kwenye boma la marehemu mume wangu, karibu na Kendu Bay. Nyumba aliyonijengea ni ya matofali, lakini mchwa walikuwa wamezila mbao za paa, mabati yametoboka kwa kutu, na choo kiko nje, mbali, ilhali magoti yangu hayanisaidii tena. Mwanangu wa pekee, anayeishi Suna na mkewe, aliniunga mkono. Tulikaa tukachagua pamoja: ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ubomolewe, choo kiwe ndani, dirisha la upande wa ziwa lipanuliwe. Tulibishana kuhusu rangi ya mabati tu. Yeye alitaka nyekundu, mimi kijani, nami nikashinda.

Fundi alitoka Migori. Alianza na ukuta, kisha akapanda paani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa akipita asubuhi, anasimama, anamsalimu fundi, anaenda zake. Hakusema neno. Bati la mwisho lilipoteremshwa, ndipo alipokuja na wazee wa ukoo.

"Nyar Lambwe," aliniambia, kwani mimi ni binti wa Lambwe na ndivyo wanavyoniita tangu nilipoolewa, "sasa hii si nyumba tena. Ni kuta. Atakayeiezeka anajenga upya, na mjane hajengewi nyumba kabla mwanamume wa ukoo hajaingia."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipokosea. Desturi ya kumrithi mjane, mwanamume wa ukoo akilala kwake au walau akitundika koti lake ukutani kama ishara, naijua, nami niliikataa tangu siku ya mazishi. Lakini nilidhani katika ujenzi inahusu nyumba mpya tu. Sikujua kwamba kuondoa paa lote huhesabiwa kuwa ni kuanza upya. Yeye alijua. Alingoja.

"Shemeji, mimi ni bibi kizee," nikamwambia. "Unataka kuingia ufanye nini?"

Wazee wakacheka. "Ni koti tu!" shemeji akasema. "Nitalitundika ukutani, nilale sebuleni, asubuhi niende zangu. Kwa mgongo huu wangu, unadhani nitakusumbua?"

"Kama ni koti tu, litundike kwako."

"Nyumba ya ndugu yangu si daftari la mtoto wa shule, ufute na kuandika upya unavyotaka." Kisha akamgeukia fundi aliyekuwa juu ya ukuta. "Na wewe, ukiweka mbao hapo kabla ya koti langu, utashuka bila ngazi."

Fundi alikusanya vifaa vyake siku hiyo hiyo. "Mwalimu, unisamehe," alisema. "Mimi nina watoto."

Nilimpigia mwanangu simu nikitarajia aje kunitetea. Alikuja, akaketi juu ya rundo la matofali. Halafu akasema, "Mama, kubali koti."

Mkewe ni mjamzito. Mimba mbili za awali ziliharibika, na watu wa ukoo walikwisha kunong'ona kuhusu chira, ile laana inayosemekana kuwaandama watoto wa aliyevunja desturi.

"Mimi siamini mambo hayo," mwanangu akasema, "lakini mke wangu anaamini. Halali usingizi. Ukiezeka kwa nguvu, na mtoto huyu naye tukampoteza, atasema ni wewe. Na mimi, Mama, sijui nitasema nini."

 

Mtaniuliza kwa nini nisikubali yaishe. Kanisani kwetu, mimi ndiye niliyewaambia wajane wenzangu wakatae kurithiwa. Mmoja wao alinisikiliza, na shemeji zake wakamtenga. Hadi leo anakinga maji ya mvua kwa sufuria ndani ya nyumba yake. Sabato iliyopita alikuja kuniona. Alizizunguka kuta zangu polepole, akasema, "Mwalimu, ukikubali wewe, sisi wengine tutasimama wapi?" Nilimpikia chai. 

Sasa ninalala jikoni, kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Mvua imeanza. Maji yanatuama sebuleni, plasta ya chumba changu inabanduka, na kuta hizi zikilowa zaidi zitaanguka. Shemeji amesema atakuja Jumapili, koti mkononi. Mwanangu amesema atamsindikiza. Mkamwana wangu amenitumia ujumbe mfupi: "Mama, tafadhali."

Msiniambie nisali, kwa sababu ninasali. Msiniambie niende mahakamani. Sheria iko upande wangu, lakini sheria haitakaa na mkamwana wangu wodini. Ninyi mliowahi kubanwa hivi, wajane, na ninyi mlio na wana, semeni nami waziwazi: nimfungulie shemeji mlango, au nimfungie? Mlango bado upo. Ndicho kitu pekee ambacho hatukukibomoa.

Nikiamua nitawaandikia, na nitaandika ukweli, hata kama utanitia aibu.