Mvua ya Flopi na Mvua ya Mama

Kompyuta ya kwanza kuwekwa juu ya kaunta ya duka mjini Kyela ilikuwa yangu. Naliandika hili mapema asije mtu akadai vinginevyo. Niliondoka kijijini kwetu Ndandalo na begi moja lenye zipu mbovu, nikarudi kutoka Lusaka na stashahada ya ufundi wa kompyuta, tai tatu, na mashine yenye kioo kizito niliyoipakata ndani ya basi kama mgonjwa.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyetoka nje alirudi na kitu cha kuuza. Wenzangu walirudi na mitumba. Mimi nilitaka kufungua darasa la kompyuta. Nilichokosa ni chumba, na kilichofaa kilikuwa kimoja tu: chumba cha mbele cha mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye asili ya pwani, aliyenunua kakao na mchele. Kilikuwa na umeme na dirisha lenye nondo. Fundi cherehani mmoja alikuwa anakitaka pia.

"Cherehani naijua," mzee aliniambia. "Inashona. Hiyo yako inafanya nini?"

"Inafanya yote, mzee."

"Basi njoo unionyeshe moja."

Mtu mwingine angemwonyesha kuchapa barua. Mimi niliona barua ni jambo dogo. Nilikuwa na mchezo wa kurusha ndege, na programu mbili za kuuongezea hali ya hewa, kwa sababu mawingu yaliyokuja na mchezo wenyewe yalifanana na pamba iliyotoka kwenye godoro. Programu ya kwanza ilikuwa ya kisasa: ilichukua taarifa halisi za hali ya hewa kutoka intaneti na kuziweka angani. Ya pili ilikuwa ya kizamani: unachagua mwenyewe wingu, upepo na mvua, kisha unabonyeza. Nilizilinganisha kwa majuma kadhaa, nikirusha ndege ileile juu ya ziwa lilelile, na uamuzi wangu ulikuwa tayari. Ya kwanza ilikuwa imesoma. Ya pili ilikuwa inasubiri kuambiwa.

Intaneti Kyela haikuwapo. Kwa hiyo siku ya onyesho niliamkia Mbeya, nikaipakua taarifa ya siku hiyo kwenye flopi, nikateremka nayo kwa basi, flopi mfukoni mwa shati na kiganja juu yake njia nzima.

Nilipofika mchana nilimkuta mama yangu dukani kwa mzee. Alikuwa ametoka Ndandalo na mkungu wa ndizi, maana kwetu huendi kuomba kitu kwa mtu mikono mitupu.

"Ugonile," alimwamkia mzee kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, mama. Karibu uone maajabu ya mwanao."

Uani nyuma ya duka kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na akina mama watatu walikuwa wanaigeuza kwa miguu. Niliwasha mashine, niliyokuwa nimeiacha juu ya kaunta tangu jana yake. Ndege ikapaa, nikaielekeza Itungi, kwenye bandari ya ziwa letu. Anga lilikuwa la buluu, safi, bila hata wingu moja.

"Hiyo ndiyo hali ya hewa ya Kyela leo," nilitangaza. "Si ya kubuni. Ni taarifa halisi."

Mmoja wa wale akina mama akachungulia mlangoni. "Mzee, tukusanye? Milima imejificha."

Mzee akanigeukia. "Mashine inasemaje?"

"Jua tupu, mzee."

"Mwanangu," mama akasema, "hebu toka nje unuse."

"Mama, siku hizi hatunusi."

Mzee alivutiwa sana na jibu hilo. Akaagiza kakao iachwe, na magunia matatu yaliyobaki stoo yatolewe, nayo yaanikwe.

Upepo ulikuja kwanza, ukageuza majani ya migomba. Kisha mvua. Atakayeuliza ilikuwa mvua ya namna gani hajawahi kulala chini ya bati Kyela. Tulitoka mbio sote. Mimi nilishika pembe ya turubai, tai imenikaa mgongoni. Mzee alikuwa amekunja kanzu mpaka magotini, anazifukuza punje za kakao zilizokuwa zinaelea kwenda mtaroni. Mama alichota kwa kanga yake, na kila alipopita karibu yangu alinusa kwa nguvu ili nisikie.

Tulipomaliza kuingiza kakao ndani, sakafu nzima ilijaa, na mzee alisimama mbele ya kioo akitiririka maji. Ndege yangu ilikuwa bado inazunguka yenyewe juu ya Itungi, juani.

"Kijana," akasema polepole, "humo ndani bado hawajapata habari?"

Nilikagua. Programu ilikuwa imetafuta kituo cha karibu inachokijua, ikakipata ng'ambo ya milima, kwenye nchi kavu, ikaipa Kyela anga la huko. Nilimweleza hivyohivyo, kwa sababu mtu mwenye stashahada hafichi kosa la mashine.

Fundi cherehani, aliyejibanza kibarazani kuikimbia mvua, alikuwa anapima dirisha kwa macho.

"Si uliniambia nyumbani programu ziko mbili?" mama akauliza. "Weka hiyo nyingine."

Nikaiweka. Ikasubiri kuambiwa.

"Anza na milima," mama akasema. "Ifunike. Mawingu mazito zaidi. Sasa upepo. Mbona unakimbilia mvua? Upepo kwanza! Uache uvume. Haya, sasa mimina."

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, ndege ikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, akina mama wakapiga kelele, mzee akashika kaunta kwa mikono miwili. Ndege ikaingia ziwani.

"Hii sasa ndiyo Kyela," mzee akasema.

Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akainama akaokota punje ya kakao iliyolowa.

"Chumba nakupa. Wanafunzi utawafundisha barua. Mambo ya mvua tutamuuliza mama yako. Na hii kakao utaigeuza wewe mpaka ikauke."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru kabla sijafungua mdomo.

Niliigeuza siku nyingi, suruali imekunjwa, wanafunzi wangu wa kwanza wakiniangalia kupitia nondo za dirisha. CD ya programu ya kwanza niliitundika kwa uzi juu ya turubai, ing'ae na kutisha kuku. Kwa kazi hiyo, na nimelinganisha, hakuna iliyoishinda.