Nanga Iliyotangulia Kushuka

Nanga ilishuka kabla ya mtu. Iliteleza kwenye shina la mkaratusi, pete yake ya chuma ikigonga kila tawi njiani, ikaanguka kwenye vumbi mbele ya miguu yetu pamoja na kamba ndefu yote. Mtu aliyepaswa kushuka kwa kamba hiyo alibaki juu kuliko paa la stesheni, akiwa ameshikwa na kamba ya kiuno tu. Wakati huohuo treni ilipiga honi ikiingia mjini. Shefu wetu, mkuu wa kazi za mji, hakutazama juu. Alitazama viatu vyake kuona kama vimeingia vumbi.

Lazima nirudi nyuma kidogo.

Hii ilikuwa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, enzi za Zaire, miaka ambayo kila mwanamume aliitwa sitwayeni, yaani raia, na kila mwenye cheo alivaa abakosi, ile suti isiyo na tai, hata jasho likimchuruzika mpaka ndani ya soksi. Mimi nilitunza depo ya vifaa vya kazi za mji. Kusema "vifaa" ni kutia chumvi. Tulikuwa na mapanga, toroli zisizo na magurudumu, msumeno mmoja wa mkono, na rundo la kamba ambazo bandari ilizitupa kwa kuwa hazifai, nasi tukazipokea kwa sherehe na hotuba.

Mpandaji wetu alitoka upande wa Moba. Alikulia kwenye michikichi, na hakuna aliyeweza kumwomba hata kiberiti bila kusikia habari hiyo tena. Sisi tuliofanya kazi chini alituita watu wa mizizi. Alikuwa na majivuno ya kuchosha, lakini kazi yake aliijua, na hilo peke yake lilimtofautisha na wote waliokuwa juu yake kwa cheo.

Mchikichi hauna matawi. Mpandaji anajifunga na shina kwa kitanzi kimoja, anaegemea nyuma, anakirusha kitanzi juu, anapiga hatua, na hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi, yale mashada ya matunda. Lakini mji wetu ulipandwa mikaratusi na Wabelgiji, na mkaratusi una matawi. Kila ukifika kwenye tawi lazima ufungue kitanzi ukipitishe juu yake, na katika nafasi hiyo ndogo unashikwa na mikono yako tu. Yeye aliacha kitanzi kimoja akajitengenezea kamba mbili za kiuno, kila moja na kulabu yake. Alifunga ya pili juu ya tawi kwanza, ndipo akafungua ya kwanza chini yake. Hakuwahi kuwa mtini bila kufungwa. Kazi ilikuwa nzuri, na alitueleza hivyo kila siku.

Shida ilikuwa kushuka. Zamani alifunga kamba ndefu kileleni, akashuka nayo, na kamba ikabaki juu. Nani ataifungua? Shefu alikuwa anaamuru ikatwe pale mkono unapofika, kwa hiyo karibu kila mti mkubwa wa mji ulikuwa na mkia wa kamba, na kila mwezi depo yangu ilizidi kuwa tupu. Mpandaji akaisokota ncha ya kamba kwenye pete nzito ya chuma. Aliizungusha kamba kwenye shina, akaipitisha ndani ya pete, ikawa tanzi linalokaza kadiri mtu anavyoning'inia. Kwenye pete hiyo alifunga kamba nyembamba iliyofika mpaka chini. Mtu akishatua, aliyeko chini anavuta ile nyembamba, pete inarudi nyuma, tanzi linafunguka, na vyote vinaanguka. Aliiita nanga.

Jina hilo halikuwa lake, wala wazo halikuwa lake. Lilikuwa la mvuvi mmoja tuliyefanya naye kazi, mtu mzima kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, ambaye wavuvi wa kwao hufunga kamba ya pili nyuma ya nanga ili ikikwama kwenye mawe waing'oe kwa upande mwingine. Mvuvi alimwambia hivyo mbele yangu. Wiki iliyofuata mpandaji alitueleza sote jinsi alivyoota nanga hiyo usingizini. Mvuvi alicheka tu, akapewa kazi ya kushika kamba nyembamba.

Halafu shefu akarudi kutoka mafunzoni Kinshasa. Sijui alifunzwa nini. Hakurudi na msumeno, wala kulabu, wala hata glavu. Alirudi na Kifaransa.

"Kazi ya ufundi haifanywi na luga ya soko," alituambia.

Kuanzia hapo mpandaji hakupanda mpaka asikie "monte", yaani panda. Na amri ya kuvuta kamba nyembamba ikawa "lâche", maana yake achilia, kwa kuwa nanga ndiyo inayoachilia. Midomoni mwetu neno hilo lilikuwa "lashi".

"Papa Shefu," mvuvi akauliza, "unasema niachilie, halafu miye nivute?"

"Nanga njo inaachilia. Weye unavuta."

"Basi ongea na nanga."

Kwa jibu hilo alifanyishwa zoezi asubuhi nzima, pete ikiwa imefungwa kwenye nguzo ya depo. Lashi, anavuta. Lashi, anavuta. Mwisho alikuwa anavuta kabla shefu hajafunga mdomo, na shefu akatangaza kwamba sasa tuna nidhamu.

Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa Chama anakuja kwa treni kutoka Lubumbashi. Bango la kumpokea lilikuwa limewekwa mbele ya stesheni, na tawi moja la mkaratusi lililifunika nusu. Mtu yeyote mwenye akili angehamisha bango. Sisi tuliamriwa kukata tawi, tena asubuhi ileile ya ugeni, kwa hesabu kwamba treni haijawahi kufika siku iliyotangazwa.

Mpandaji alipanda vizuri na kamba zake mbili. Akafunga nanga karibu na kilele, akasimama juu ya tawi, akauvuta msumeno kwa uzi wa kiunoni. Hapo ndipo shefu alipogundua kwamba bango halina kamba ya kulifunga upande mmoja.

"Tupa kamba moja ya kiuno!"

"Kwa nini?"

"Ya bango."

"Papa Shefu, njo zinanipitisha kwenye matawi."

"Si una nanga? Utashuka na nanga. Tupa!"

Aliitupa. Ningependa kusema aligoma, kwa jinsi alivyokuwa akijisifu. Aliitupa, na bango likafungwa kwa kamba ambayo ilitengenezwa ili mtu asife.

Sasa alikuwa amesimama juu ya tawi, kamba moja ya kiuno imemzunguka yeye na shina, nanga imelegea kwa kuwa hakuwa ameining'inia. Akaanza kukata. Chini wasichana wa animasyo, wale wa kukiimbia na kukichezea Chama, walipita na ngoma wakifanya mazoezi. Mvuvi alikuwa na kamba nyembamba mkononi. Shefu akapiga kelele neno moja. Mvuvi akavuta.

Na nanga ikashuka.

"Nani amevuta?" sauti ikatoka juu.

"Kelele za nini?" shefu akajibu. "Mukubwa amefika."

Kweli alikuwa amefika. Treni ile, ambayo kwa kawaida hulala njiani Nyunzu na kuamka inapopenda, siku hiyo ilifika kwa wakati wake. Walinzi wakafunga uwanja. Mti ulikuwa ndani ya uwanja, sisi tukasukumwa nje, mimi nikiwa nimebeba kamba ndefu begani na pete ikinipiga mgongoni. Kumwokoa kulikuwa jambo dogo kabisa. Alikuwa na uzi wa msumeno. Angeuteremsha, tungefunga kamba ndefu, angeivuta juu. Mvuvi alimweleza shefu hivyo, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Akishaondoka mukubwa," shefu akasema. "Hakuna mutu anapita mbele ya Chama na kamba."

"Na akianguka mbele ya Chama?"

"Ataanguka? Si ni mupandaji?"

Kila mmoja wetu alijua hali yake. Kwa kamba moja angelazimika kujifungua kwenye kila tawi na kukumbatia shina ambalo mikono haizunguki, gome likiteleza. Kubaki nako kulikuwa na mwisho wake. Tawi alilosimamia alikuwa ameshaanza kulikata, kwa kuwa likianguka alitegemea kuning'inia kwenye nanga. Upepo wa ziwa huingia mjini jua likipanda, na ulikuwa umeanza. Kilele kilikwenda na kurudi, naye alibadilisha mguu, tena akabadilisha, halafu ikafika wakati hakubadilisha tena, akauachia mwili wote kwenye kamba ya kiuno.

Mkubwa alizungumza juu ya kazi. Alisema raia wa Zaire hawana budi kukunja mikono ya shati. Yake ilikuwa na vifungo vya dhahabu. Katikati ya hotuba akainua macho.

"Yule kule juu njo nani?"

Komisere, mkuu wa mji, alimtazama shefu. Shefu alisimama wima.

"Mulinzi wa bango, Sitwayeni!"

Watu wakapiga makofi. Nimeona upuuzi mwingi katika maisha yangu, lakini makofi yale ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote, kwa kuwa kati ya waliopiga walikuwemo mashemeji wawili wa mpandaji. Wasichana wa animasyo walimwimbia. Mkubwa akampungia mkono, akasubiri. Mpandaji hakupunga.

Alichofanya ni kuteremsha msumeno. Ulishuka polepole kwa uzi wake, ukizunguka na kumetameta, mpaka ukasimama kwenye kimo cha kifua, hatua chache kutoka kwenye jukwaa. Walinzi walitazamana. Mvuvi aliitwaa kamba ndefu begani kwangu, akavuka mstari wa walinzi.

"Weye! Rudi!" mlinzi akasema.

"Mulinzi wa bango anaomba chakula."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi, na walinzi hawakujua kama kicheko hicho kinaruhusiwa. Kabla hawajaamua, mvuvi alikuwa ameshautoa msumeno na kufunga kamba mahali pake. Kamba ikapanda, na pete, na ile kamba nyembamba ikining'inia nyuma. Mkubwa aliendelea na hotuba, lakini hakuna aliyemsikiliza. Shingo zote zilikuwa zimeinuliwa juu.

Mpandaji alichelewa sana kuifunga nanga. Alipomaliza alichomoa kisu, akaikata kamba nyembamba karibu na pete, na ikaanguka uwanjani mbele ya viatu vyote vile vilivyong'arishwa. Nanga isiyo na kamba hiyo haiwezi kuvutwa na mtu yeyote. Ndipo akafungua kamba ya kiuno, akashuka. Alipogusa ardhi miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mvuvi alimbeba mpaka nyuma ya stesheni na kumkanda mapaja, naye hakumtukana wala hakumshukuru. Aliuliza swali lilelile.

"Nani amevuta?"

"Miye," mvuvi akasema. "Shefu alisema lashi."

Shefu alikuwa amekuja kutuonya tusiongee na mtu. "Nilisema acha! Ulikuwa unacheza na wale wasichana. Nilisema acha!"

"Sikuwa nacheza."

"Ulikuwa unacheza na miguu yote mbili!"

"Papa, miye niko mutu mwenye wajukuu."

Mpandaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema hatapanda tena mpaka ajue ni neno lipi. Shefu alimcheka. Hakupanda tena.

Nimewauliza wengi waliokuwepo. Wanaojua Kifaransa walisikia lâche, wasiokijua walisikia acha, na hiyo hainisaidii kitu, kwa kuwa mvuvi hakujua Kifaransa hata kidogo zaidi ya neno hilo moja. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Mwanzo wa neno ulimezwa na ngoma, na mwisho wake shefu aliuminya puani, kama alivyominya kila neno tangu arudi kutoka Kinshasa. Nilichosikia ni sauti ya katikati tu. Shefu, mpaka alipohamishwa, aliapa kwamba alisema acha, kwa Kiswahili. Na katika muda wote niliofanya kazi chini yake baada ya mafunzo yale, mtu akiwa mtini, sikuwahi kumsikia akitoa amri kwa Kiswahili, isipokuwa asubuhi hiyo, alipotaka kamba ya bango.