Mkate wa Bi Odessa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa chuo huko Marekani, nimetoka nyumbani na kinasa sauti cha kuazima na maswali mengi kuliko akili. Nilikuwa nikitafiti mtaa wa watu weusi wa Detroit uliobomolewa ili barabara kuu ipite. Bi Odessa, mzee aliyekulia pale, alikubali kunisimulia.

Nikamwuliza, "Siku ya kubomolewa nyumba yenu ilikuwaje?"

Akaanza kunieleza jinsi dada yake alivyopika mkate wa mahindi: unga, mtindi, kikaango cha chuma. Moyoni nikasema, bibi huyu kapotea njia. Kanda zilikuwa chache, nikazima kinasa. Kitufe kikalia, ta. Akakitazama.

"Haya, uliza swali lako," akasema. Tangu hapo alinijibu ndiyo na hapana tu.

Wanasema kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutosubiri jibu.

Nilirudi Kigali nikafundisha historia ya miji ya Marekani (shangazi yangu alinicheka: "Kagugu hapa hapa mjini unapotea, utawaonyesha watu Detroit?"), na kila mwaka niliwawekea wanafunzi kanda ile. Siku moja kijana akanyoosha mkono: "Mwarimu, huyu mama ilikuwa inataka kusema nini na huo mkate?"

Jioni ile nikapiga simu Detroit kwa Bi Odessa. Akapokea binti yake, akaniambia mama ameshazikwa.

Nikamwuliza habari za mkate. Akasema mkate ndio ulikuwa siku yenyewe. Wabomoaji walifika ukiwa jikoni; dada akakataa kutoka mpaka uive, nao wakasimama uani wakisubiri.

"Kisha?" nikauliza.

"Mama hakupenda kutusimulia. Nilidhani wewe alikusimulia."

Nililia, mwanangu, na simu mkononi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye hapa Kagarama.

Sasa kesho unakwenda Batsinda kuwauliza wazee walivyohamishiwa pale nyumba zao zilipobomolewa. Ukimwuliza mzee habari za nyumba akakujibu habari za mbuzi, mfuate mbuzi huyo mpaka atakapolala. Usimkate kauli, wala usitazame saa. Simu yako ya kurekodia ikijaa, masikio hayajai.

Nenda, Mungu akujalie subira niliyoikosa, na kila mzee utakayemuaga akwambie urudi.