Sauti Iliyoitwa Fo

Gitaa ya Azarias Bagula ina jambo ambalo kila mtu huliona kabla hajaipiga. Kati ya vyuma viwili vinavyokatiza shingo yake amefunga uzi mnene wa kuvulia samaki, fundo kwa nyuma. Wapiga gitaa ya klasiki wa Buffalo, Amerika, anakoishi, humwuliza kwa adabu kama shingo imepasuka. Yeye hucheka na kusema kuna sauti iliyokosa mahali pa kukaa.

Tuseme ukweli, huyu bwana ni mbishi, na ubishi wake ulimponza mapema. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Bukavu, ndiyo kwanza amejua do-re-mi kwenye kwaya ya parokia, alipomkuta mama yake, Mama Béatrice, uani, akichagua maharagwe na kuimba wimbo wake wa siku zote. Azarias akachukua gitaa kuufuata. Akafika mahali akakwama. Sauti moja ya mama haikuwa kwenye chuma hiki wala kile cha jirani. Ilikaa katikati, pasipo na kitu.

"Mama, uko naimba fo," akamwambia.

Fo ni neno la wanakwaya, wamelitoa kwenye Kifaransa, maana yake sauti imetoka nje ya noti, na kwao, kuliko kuambiwa unaimba fo, afadhali utukanwe. Mama Béatrice alicheka, akaendelea na maharagwe. Lakini tangu siku ile hakuimba tena mwanawe akiwa karibu.

Vita vikamtoa Azarias nyumbani. Safari yake ya Ulaya ikaishia Eskişehir, Uturuki, akakaa miaka sita akisubiri karatasi. Ghorofa ya chini aliishi Mzee Haydar, seremala, mpigaji wa bağlama, chombo chenye shingo ndefu na tumbo kama nusu ya boga. Shingo hiyo haina vyuma. Ina nyuzi zilizofungwa kuizunguka, na mpigaji huzisogeza atakavyo. Siku moja mzee alikuwa akipiga wimbo wa kijijini kwao, Azarias akipanda ngazi na mkate mkononi, akaisikia ile sauti. Ileile ya mama. Alikaa pale kwenye ngazi akalia hadi Haydar akadhani amefiwa. Kumbe alikuwa amegundua kwamba mama yake hakukosea hata siku moja.

Karatasi zilipotoka zikampeleka Buffalo. Leo Azarias hupanga makasha ghalani Lackawanna, mji wa jirani, na siku za mapumziko hutunga muziki chumbani kwake, karibu na Grant Street. Tungo zake huenda kwa mapigo tisa yanayochechemea, kama alivyofundishwa na Haydar. Wazungu humwuliza kama ametoka Uturuki. Wakongomani wa kanisani humwuliza lini atapiga kitu cha kuchezeka.

Utungo mmoja tu ulimshinda kuumaliza, ule wa wimbo wa mama. Uzi aliufunga kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya miaka kumi na tano haiaminiki. Wa kumsahihisha hakuwepo. Dada yake Nsimire hakuwahi kuushika wimbo ule. Mama mwenyewe, aliyeletwa Louisville, mji mwingine wa Amerika, pamoja na Nsimire kutoka kambini Burundi, ana miaka sabini na minne na kifua kinambana. Kila alipoombwa kwenye simu aimbe, alijibu, "Miye? Miye niko naimba fo, papa," kama amwitavyo tangu utotoni, kisha akacheka. Kicheko hicho kilimkata Azarias maini.

Akaomba likizo. Basi lilimfikisha Columbus, na binamu yake Masumbuko, anayekaa Hilliard, kando ya mji huo, akampokea kwa gari wamalizie njia.

"Gitaa yako ilivunjika shingo?" Masumbuko akamtania. "Juu ya nini uliifunga bandeji?"

Azarias akaipakata gitaa. Mpaka Louisville aliogopa kwamba amechelewa, kwamba kifua cha mama hakiuwezi tena wimbo.

Siku ya kufika ilikuwa ya kukumbatiana na machozi, hakuna aliyegusa gitaa. Kesho yake asubuhi alimkuta mama mezani, sinia mbele yake, akichagua maharagwe. Maharagwe ya dukani Amerika hayana mawe. Nsimire amesema hadi amechoka. Azarias akavuta kiti, akapiga utungo wake. Alipogusa penye uzi, mikono ya mama ikasimama.

"Azarias."

"Mama."

"Uko napiga fo."

Nsimire akaziba mdomo. Azarias alijisikia furaha na aibu kwa pamoja, asijue aanze na ipi.

"Unisamehe, mama. Ile siku kule Bukavu, ni miye nilikosea."

"Najua," mama akasema. "Bon, sikiliza. Iko chini kidogo."

Akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, na pumzi ilimkatikia njiani, lakini ile noti aliikalia bila kutafuta. Azarias akasogeza uzi kuelekea kichwa cha gitaa.

"Hapa?"

"Bado." Akaimba tena.

Mara ya nne Azarias aliinamia gitaa, sikio kwenye mbao, akajaribu polepole kwa ncha ya kidole. Ilikuwa yenyewe. Akaweka alama ndogo kwa ukucha, kisha, makusudi, akausukuma uzi nje ya alama na kupiga kwa nguvu.

"Hapa, mama?"

"Bado! Una masikio gani, we mtoto?" Mama Béatrice akalisukuma sinia kando, akavuta pumzi, akaanza wimbo tangu mwanzo.