Hoteli Iliyofunga Ramadhani

Majina yote ninayo. Maduka yaliyokufa pale barabara kuu ya Morogoro mjini nayajua, na wenye nayo nawajua, na wake zao, na mtoto wa kwanza wa kila nyumba anaitwa nani. Ukiniuliza nataja bila kukohoa. Lakini hapa sitataja hata moja. Kwetu maiti hasemwi huku watoto wake wanasikia, na baadhi ya watoto hao bado wananunua ndizi kwangu.

Nitasema tu kwamba lilikuwapo duka kubwa lenye mlango unaojifungua wenyewe, mlango ambao mimi niliuambia "asante" kila nilipopita. Likafa. Likafuata duka la nguo lenye sanamu ya mwanamke dirishani. Yule nilimsalimia mara mbili, nikaondoka nikisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nalo likafa. La tatu ni hoteli ya kuku na ndizi za kukaanga, yenye matawi Iringa na Dodoma. Hiyo ndiyo iliyoniumbua, maana ilikufa, na mimi nikakaa mwezi mzima naiombea afya.

Mimi ni mtu wa milimani huku Matombo. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe: nakanyaga neno la kwanza, naruka, natua ninapoona pamekauka. Miaka yote nimeuza ndizi sokoni Mkuyuni, kwenye baraza la duka la mbegu, mahali ambapo mvua haifiki wala jua la saa nane. Pembeni yangu aliketi mtani wangu na nyanya zake. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu, kwa hiyo anaweza kunitukana mbele ya padri na mimi nikacheka. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na kwa utani huo tumezeeka pamoja.

Siku moja akaja sokoni mkuu wa jiko wa ile hoteli, kijana mnene wa kupendeza. Akagusa ndizi mzuzu zangu, akazinusa, akaniambia, "Bibi, hizi zote tunachukua. Kila wiki. Utakuwa msambazaji wetu."

Msambazaji! Neno hilo lilinipanda kichwani kama tembo la mnazi. Sikusubiri hata wiki ya pili. Nilimwita mtani wangu nikamwambia, "Tandaza nyanya zako mpaka kwangu. Mimi hapa sirudi tena."

"Unakwenda wapi?"

"Mimi sasa ni msambazaji."

"Hata kuku ni msambazaji," akasema. "Mwachie uwanja uliofagiliwa uone."

Watu walicheka, mimi nikainua pua. Nafasi ya sokoni Mkuyuni ukiiachia umeiachia. Wapo wanaoingoja tangu hawajaota mvi. Hilo nililijua, na bado niliiacha kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, bila kusukumwa na mtu.

Nikasambaza. Kila Jumamosi nilishuka na mikungu yangu hadi mjini, nikapokelewa mlango wa nyuma, nikapewa kiti na soda. Nikirudi Mkuyuni nilipita sokoni makusudi, mikono mitupu, nikitembea polepole ili kila mtu aone kwamba sikubeba kitu.

Ukafika mwaka ule ambao Kwaresima na Ramadhani zilishikana mikono. Nilikuwa nimefunga, mtani wangu amefunga, nusu ya watu niliopanda nao gari wamefunga. Jumamosi nikafika hotelini na mikungu mitatu, mlango wa nyuma kimya. Nikazunguka mbele. Kwenye kioo pamebandikwa karatasi. Miwani nimeiacha nyumbani, lakini neno la juu lilikuwa kubwa, nikalisoma herufi moja moja: TUMEFUNGA. Chini yake kulikuwa na maneno madogo madogo. Hayo niliyaruka. Nilijua nimekwisha kutua pakavu.

Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli. Mwenye hoteli ni mtu wa swala tano. Nikawaza, mtu na biashara yake kubwa hivi, amesimamisha majiko yote kwa ajili ya Mungu, na hakuona haya kuandika mlangoni.

Duka la jirani lilikuwa na mlinzi. Jina lake najua, na la mbwa wake pia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naona hawa wamefunga."

"Wamefunga, bibi. Tangu juzi."

"Wote?"

"Wote. Iringa wamefunga, Dodoma wamefunga. Siku moja."

"Lazima iwe siku moja," nikamwambia. "Mwezi ukionekana umeonekana."

Akanitazama kidogo. Nikadhani ni njaa. Nikamwuliza, "Na nyie hapa je?"

"Sisi bado, bibi. Lakini kwa hali hii na sisi tutafunga tu."

"Hujachelewa, mwanangu. Anza hata kesho. Mungu hahesabu siku, anahesabu moyo."

Nikaacha mikungu kwa mtoto wa dada yangu kule Kilakala, nikarudi mlimani nimeshiba dini. Jumamosi iliyofuata nikashuka tena na mingine, maana msambazaji hakosi zamu yake. Karatasi ipo. Nikaenda Kilakala. Ya tatu na ya nne vilevile. Nyumba ile ilikula ndizi asubuhi, ikala ndizi mchana, mpaka watoto wakiniona kwenye kona walikuwa wanajificha. Mama yao akaniambia kwa heshima zote, "Mama mkubwa, kwa nini usiziuze tu Mkuyuni?"

"Hizi ni za hoteli," nikamjibu. "Wakifungua watazitaka."

Na Mkuyuni nako nilikuwa nahubiri. Nilimwambia mtani wangu, "Watu wa dini yako kule mjini wanafunga kikweli. Hoteli nzima, majiko yamezimwa."

Akaacha kupanga nyanya. "Tangu lini jiko likafunga saumu? Mimi nimefunga na nauza. Mtu akitaka futari atainunua wapi?"

"Wameandika mlangoni."

"Wameandika nini?"

"Tumefunga."

Alinikazia macho, kisha akarudi kupanga nyanya zake bila tusi hata moja. Mtani aliyenyamaza ni wa kuogopwa kuliko anayetukana. Mimi nikaona nimemshinda.

Idi ilipofika nilikata mkungu bora kuliko yote, ule niliokuwa nimeuwekea mti wa kuuegemeza. Mgomba haushindwi na mkunguwe, lakini ule ulikuwa umeanza kufikiria. Nikaufunga kwa majani mabichi, nikavaa gauni la kanisani, nikashuka mjini kuwapa mkono wa Idi. Nikakuta vijana wawili juu ya ngazi wanamshusha yule kuku mkubwa wa bati aliyekuwa juu ya mlango. Wamemfunga kamba shingoni. Nikasema vizuri, wanampaka rangi mpya kwa ajili ya sikukuu.

Nikamwendea mlinzi. "Idi njema. Sasa wanafungua saa ngapi?"

"Nani, bibi?"

"Hawa. Si wamemaliza kufunga?"

"Bibi, hawa hawafungui tena."

"Hee! Saumu gani isiyofunguliwa? Watakufa!"

Hapo ndipo alipoelewa, na mimi nikamwona anaelewa. Alishika ukuta. Alijaribu kunistahi, maskini, akageuza uso, lakini mabega yalimsaliti. Kisha akanipeleka mpaka kwenye kioo, akanisomea yale maneno madogo niliyoyaruka Jumamosi nne: "Hatutafungua tena. Asanteni kwa kuwa nasi."

"Si nilikwambia wamefunga, bibi?"

"Uliniambia wamefunga. Hukuniambia wamefunga mlango!"

Mimi ninayekumbuka majina ya watu waliozikwa kabla ya barabara ile kutiwa lami, nimeangushwa na neno moja la herufi tisa. Kuku wa bati akafika chini, wakamlaza ubavu kwenye gari. Nilisimama na mkungu wangu wa sikukuu kama mtu aliyekuja harusini akakuta kumbe ni msiba, na matanga yamekwisha kuanuliwa.

Njiani kurudi sikuwaza kuku. Niliwaza lile baraza la duka la mbegu. Bila pale ndizi zangu zingeozea mlimani, kwa sababu mgomba hausomi karatasi za mlangoni, wenyewe unazaa tu. Na wa kumwomba alikuwa yuleyule niliyemwinulia pua.

Nilishuka Mkuyuni na mkungu begani. Mtani wangu aliniona toka mbali. Akainuka, akafunga kanga kiunoni, akajitupa chini katikati ya njia.

"Uwiii! Hoteli ya mtani wangu! Umekufa na mafuta yako! Umemwacha msambazaji mjane!"

Soko zima likasimama. Mwanamke mmoja mgeni alianza kulia kweli, akidhani kuna msiba. Mtani wangu akajigaragaza, akauliza mbingu nani sasa atanipa soda, nani atanipa kiti. Alijua tangu siku ile nilipomtajia lile neno la mlangoni, akalihifadhi mpaka sikukuu ipite. Na mtani akililia maiti yako lazima umpe chake, hiyo ni sheria. Akakata chana la juu, lile nono kabisa, akajifuta vumbi.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mtani. Nafasi yangu."

"Nafasi ya nani?"

"Yangu."

"Mimi namjua msambazaji tu. Msambazaji hakai chini."

Nilisimama pale na gauni la kanisani na utomvu wa ndizi begani. Akaniacha nisimame kadiri alivyoona inanitosha. Halafu akainama, akaanza kusogeza nyanya zake, fungu moja baada ya jingine, mpaka baraza likaonekana.

"Kaa," akasema. "Na ukiitwa Msambazaji uitike."

Naitika mpaka leo. Watoto wadogo wa Mkuyuni wanadhani ndilo jina langu la ubatizo.

Mwaka uliofuata, Jumatano ya Majivu, nilitoka kanisani na majivu usoni, nikakaa penye ndizi zangu. Mteja mmoja akanikaribisha chai. Nikamwambia, "Asante, nimefunga."

Mtani wangu akaruka juu. "Jamani! Mtani wangu anafunga! Anafunga leo! Njooni mchukue, hafungui tena!"

Watu walikuja mbio wakidhani kuna bei ya kufilisika. Walinizunguka, wakavuta machana, wakagombana, na kabla ya adhuhuri haikubaki hata ndizi moja. Nilibaki nimekaa mbele ya majani makavu, njaa inaniuma.

"Kesho nitafunga tena," nikamwambia.

"Ongeza mikungu," akasema.