Chai ya Concepta Inapoa Dirishani

Kumepambazuka kwa shida, na upepo wa pwani ya Clare, Ayalandi, unarusha mvua ubavuni. Concepta Hehir anashuka kwenye lori lake la kukusanyia maziwa mashambani, anaunganisha mpira kwenye tangi la mfugaji Mossie Talty, kisha anagonga mlango wa jikoni.

"Karibu, mlevi wetu!" Mossie anapaza sauti.

"Mlevi ng'ombe wako," Concepta anamjibu, na wote wanaangua kicheko.

Mwaka jana asingecheka. Mama huyu wa watoto watatu hajawahi kuonja pombe. Kwenye kola yake ipo beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, ya watu walioapa kutoigusa maisha yao yote. Lakini pua na mashavu vilikuwa vimeiva kama nyanya, vipele juu yake. Watu walitazama beji, wakatazama pua, wakakonyezana.

"Dukani bibi mmoja aliniambia niivue, eti namtia Mungu aibu," anasimulia. "Nami nimeshika mkate tu!"

Alijaribu kila kitu. Maji ya kisima kitakatifu hayakumdhuru wala kumfaa. Krimu kali ya ukurutu, aliyoazima kwa dada yake, ilimtuliza kidogo kisha ikamwasha maradufu. Kwa hiyo parokia ilipomwita mbele ya watu avishwe beji ya fedha, ya miaka ishirini na mitano ya kiapo, alikataa kwenda.

Daktari ndiye aliyemwambia jina la tatizo hilo: rosasia. Ni ugonjwa wa ngozi, hausababishwi na ulevi wala uchafu, na Waayalandi wengi wanao. Hauponi kabisa, ila hutulia: dawa ya kupaka kila siku, krimu ya kukinga jua hata kukiwa na mawingu, na kuepuka vinavyouchochea. Kwa Concepta ni upepo, na chai ya moto.

Upepo aliununulia skafu. Chai ndiyo ilikuwa kazi. Kila shamba birika linachemka likimngoja, na vijijini huku, ukikataa chai ya mtu umemkataa mwenyewe. Kwa miaka mingi alikunywa ikiwa inafuka, kwa adabu tu.

"Nilipomwambia Mossie sitaki, alininunia."

"Nilidhani chai yangu mbovu!" Mossie anajitetea. "Si ungesema ni uso, mama wewe?"

Alipoelewa, Mossie aliwapigia simu majirani. Sasa njia nzima kikombe cha Concepta kinamsubiri nje dirishani kikipoa, kimefunikwa kisosi mvua isiingie.

Mashavu yake leo yana wekundu wa mtu aliyetoka matembezini. Jumapili ijayo atakwenda kuvishwa ile beji ya fedha.

"Nitakaa kiti cha mbele, bila poda," anasema. "Nikiiva, niive. Mjue ni furaha."

"Au wiski," anasema Mossie.

Concepta anamrushia glavu, anagugumia chai yake baridi, na kurudi kwenye lori akiimba.